Duka Lililokataa Kitovu

Mara ya tatu Erasto Mbilinyi alipokuja, Tusekile hakumpa kiti. Mvua ya Tukuyu ilikuwa inanyesha tangu alfajiri, na mgeni alisimama mbele ya kaunta akichuruzika maji kutoka kwenye koti lake la kampuni, tabasamu limekaa palepale lilipokuwa mwezi uliopita na mwezi wa kabla yake.

"Ugonile, mama," alisema. Alikuwa mtu wa Njombe. Salamu ya Kinyakyusa alijifunza kwa ajili ya kazi.

"Salama," Tusekile akamjibu kwa Kiswahili.

Kwa miaka kumi na miwili Tusekile Mwasandube alikuwa na duka la dawa hapo karibu na stendi, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuuza hata kidonge kimoja cha pakiti. Enzi za pakiti zilikwisha akiwa bado mwanafunzi. Siku hizi mteja aliweka kidole kwenye kioo, mashine ikasoma kadi yake ya mwili: uzito wake, ini lake, figo zake, magonjwa aliyougua na vitu vinavyomdhuru. Kisha ikamchanganyia dozi yake peke yake, isiyomfaa mtu mwingine duniani. Kuchanganya kwa mkono lilikuwa kosa la kumpeleka mtu jela. Mashine nayo iliongozwa na programu moja tu nchi nzima, Kipimo, mali ya kampuni ya Nyuzi Saba aliyoifanyia kazi Erasto.

Lakini kadi za wateja zilikuwa za duka. Zilikaa katika seva, kisanduku cha chuma kilichofungwa ukutani nyuma ya pazia, alichokiunda fundi Gwakisa mwaka duka lilipofunguliwa.

"Mama, nimekuja tena kwa lile lile," Erasto alisema. "Tarehe mosi haiko mbali. Kuanzia siku hiyo Kipimo kitafanya kazi vizuri zaidi kwenye Kitovu. Wenzako saba wameshahamia. Mama Bupe wa sokoni atasaini kwenye mkutano ujao wa wafamasia."

"Vizuri zaidi maana yake nini?"

"Kitovu kinaunganisha seva za maduka yote kuwa kitu kimoja. Kina kasi, kina ulinzi, kinatoa na tahadhari. Hiki kisanduku chako tunakiondoa sisi wenyewe, bure."

"Kadi za wateja wangu nazo mnaondoka nazo."

"Zitalindwa, mama."

"Zinalindwa sasa hivi. Mimi kitovu nilishakatwa siku niliyozaliwa, kaka. Sitaki kuungwa tena."

Erasto alicheka, na kicheko chake kilikuwa cha kweli, jambo lililomfanya Tusekile amwogope zaidi. Mtu mbaya unamjua. Mtu mwema aliyetumwa na watu asiowajua, huyo ndiye hujui umshike wapi.

"Nawafikiria wateja wako tu," alisema Erasto akifunga mkoba. "Una watu kumi na wanane wa kisukari. Hao mashine ikizubaa hawana pa kusubiri."

Alipokwisha kutoka, Tusekile alibaki ameshika ukingo wa kaunta. Hakuwahi kumwambia mtu ana wagonjwa wangapi wa kisukari. Alifungua orodha yake akahesabu. Walikuwa kumi na wanane. Wa kumi na nane alikuja Jumanne iliyopita.

*

Tarehe mosi ilifika, mashine ikaanza kuzubaa.

Dozi iliyokuwa ikichukua sekunde tisa ilichukua arobaini. Baada ya siku tatu ilichukua dakika nne. Kioo kiliandika neno moja, *Inathibitisha*, nukta tatu zikapepesa mbele yake, na mteja akasimama na kidole chake hewani kama mtoto aliyeagizwa asishike kitu. Foleni ikatoka hadi barazani. Watu wa Tukuyu ni wastahimilivu wa mvua, lakini si wa foleni.

"Mama Tusekile, mashine yako imezeeka," alimwambia mama mmoja muuza ndizi, bila ubaya. "Kwenye maduka ya Kitovu unaweka kidole, unapewa, unaondoka." Kesho yake hakuonekana, wala dada yake.

Tusekile alimpigia fundi Gwakisa. Alimpigia kwa moyo mzito, kwa sababu siku mbili kabla, akipita mbele ya hoteli ya Katumba, alimwona Gwakisa amekaa na Erasto meza moja, wanakunywa supu.

Gwakisa alikuja na begi lake la zana, mtu mrefu mwenye mvi, mjane wa miaka mingi, mkimya kuliko vyombo alivyovitengeneza. Alivua viatu mlangoni kama kawaida yake, akaingia nyuma ya pazia. Tusekile hakungoja afungue begi.

"Erasto alikuwa anataka nini kwako?"

Gwakisa alisita. "Uliniona."

"Nilikuona."

"Anataka niwe fundi wao wa wilaya. Mshahara, gari, na kazi yenyewe ni kung'oa visanduku kama hiki nilivyovitundika mwenyewe."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia supu ni nzuri." Akamtazama. "Dada Tuse, kama huniamini sasa hivi, nivae viatu niondoke. Lakini usiniweke kwenye seva yako huku unanichungulia mgongoni."

Tusekile akavuta kigoda akakaa mbele yake. "Nitakuchungulia ukiwa umenigeukia. Anza kazi."

Gwakisa alipima seva kwa muda wa saa nzima. Haikuwa na kasoro. Swali la mashine lilipoingia, seva ilijibu kabla hujafumba jicho. Ucheleweshaji ulikuwa unatokea baadaye, ndani ya Kipimo chenyewe, ambako jibu lilipokelewa, likawekwa pembeni, na kuachwa likae.

"Linakaa likifanya nini?" Tusekile aliuliza.

"Hakuna. Linakaa tu. Kama mzee wa ofisi aliyewekewa faili mezani, anakunywa chai." Alikuna kidevu. "Kuna jambo naweza kujaribu. Kila seva ikizungumza na Kipimo, kwanza hutaja jina lake. Ya kwako inajitaja hivi nilivyoiita mimi. Nikiibadilishia jina tu, bila kugusa kitu kingine chochote, ijitambulishe kuwa ni Kitovu..."

"Ni kosa hilo."

"Ni kosa. Leseni yako inakataza."

Mvua ilikuwa ikipiga bati. Barazani mtu alikohoa, akakohoa tena. Kulikuwa na watu tisa wanaongoja, na Tusekile aliwajua wote kwa majina na kwa maradhi.

"Badilisha," alisema.

Wa kwanza aliweka kidole. Tusekile alihesabu kwa sauti ya chini. Ilipofika tisa, dozi ilianguka kwenye kikombe.

Walitazamana. Kisanduku kilikuwa kilekile, na nyaya zilezile. Kilichobadilika ni jina tu, na ugonjwa wa mashine umepona.

"Kwa hiyo ni makusudi," alisema Tusekile.

"Ni makusudi."

*

Wangeishia hapo, ingekuwa kesi ndogo ya wafanyabiashara wakorofi. Lakini seva iliyojiita Kitovu ilianza kupokea barua za Kitovu.

Gwakisa ndiye aliyeziona, wakati Tusekile anafunga dirisha la mbele kwa ajili ya chakula cha mchana. Alimwita kwa sauti ambayo Tusekile hakuwahi kuisikia kwake.

Kwenye skrini ndogo ya seva kulikuwa na orodha yenye kichwa: *Tahadhari zilizohifadhiwa, duka la stendi.* Kitovu kilidhani duka limejiunga, kikalifungulia kilichokuwa kimewekwa akiba. Zilikuwa tahadhari ishirini na sita. Nyingi zilikuwa ndogondogo, mtu aliyepewa dawa mbili za usingizi katika maduka mawili, au mama mjamzito asiyesema. Tusekile alizipitia haraka. Wote walikuwa wateja wake, na walikuwa humo tangu miezi minane iliyopita.

"Kadi zangu hazijawahi kutoka hapa," alisema.

"Zilikuwa zinatoka kila siku," alijibu Gwakisa taratibu. "Kipimo kilikuwa kinazisoma na kuzipeleka. Wameshazichukua zamani, dada. Walichokuwa wanakuomba ni saini."

Kumi na wanane wa kisukari. Sasa alijua.

Kisha akafika kwenye tahadhari ya namba 4471.

*A. Mwakalobo. Duka la sokoni: dawa ya kuzuia damu kuganda. Duka la stendi: dawa ya maumivu ya magoti. Hatari kubwa ya kutoka damu tumboni. Duka la sokoni halijajiunga, usitume. Duka la stendi halijajiunga, usitume. Hifadhi kwa maonyesho.*

Chini yake paliandikwa tarehe na saa. Wiki saba zilizopita, saa nne na dakika sita asubuhi.

Tusekile aliikumbuka asubuhi ile vizuri kuliko alivyotaka. Ambakisye Mwakalobo, dereva wa malori ya chai, sauti ya chini kabisa katika kwaya yao, aliingia akilalamika magoti. Tusekile alimuuliza kama ilivyompasa, "Kaka, kuna dawa nyingine unayotumia?" Naye akajibu, "Mimi? Situmii hata chumvi." Kadi yake ya dukani hapo haikuonyesha ugonjwa wowote. Akampa. Siku ya sita Ambakisye alianguka bafuni akitapika damu, akapelekwa Mbeya, akaongezewa chupa tano. Tangu siku hiyo Tusekile alikuwa akilala na kuamka na swali moja, alikosea wapi.

"Saa nne na dakika sita," alisema. "Nilikuwa nimeshampa dozi, lakini hakuwa ameondoka. Alikuwa amesimama hapa, Gwakisa, ananisimulia jinsi walivyoimba Ijumaa Kuu. Walijua yuko hapa. Wangeandika neno moja tu kwenye kioo, ningemnyang'anya mkononi."

"Keshokutwa Erasto ana mkutano na wafamasia wote wa wilaya," alisema Gwakisa. "Ana mikataba kumi na minne. Chapa karatasi hii, simama mbele yao, uisome. Hawatakuwa na la kusema."

"Ina jina la mtu."

"Ndiyo nguvu yake."

"Ina ugonjwa wa mtu, Gwakisa."

Malori ya chai yalijiendesha yenyewe, ila kwenye miteremko ya kushukia Kyela ukungu uliishinda akili ya kamera, na sheria ilitaka mtu akae kwenye usukani. Mtu huyo lazima awe na moyo mzima. Ambakisye alikwenda kununua dawa hiyo ya damu, ya wagonjwa wa moyo, kwa Bupe, duka asikofahamika, kwa kuwa alikuwa amebakiza miaka miwili kustaafu na hakutaka dunia ijue. Siri hiyo ilikaribia kumuua. Kampuni iliijua ikanyamaza ili iuze Kitovu. Na sasa yeye, Tusekile, aitoe siri hiyohiyo hadharani ili aishinde kampuni?

"Futa jina, basi," alisema Gwakisa.

Walifuta kwa kalamu nyeusi. Karatasi ikawa na doa, na ikawa kama uongo wowote ambao mtu angeweza kujichapia nyumbani. Wote wawili waliliona hilo.

*

Kesho yake Mama Lugano, mke wa Ambakisye, alimpokea Tusekile kwa ukarimu uliomchoma. Alimletea maziwa ya mgando, akamsogezea kiti karibu na mgonjwa, kisha akatoka kwenda kufunga ndama.

Ambakisye alikuwa amekonda. Sauti peke yake ndiyo iliyobaki na ukubwa wake wa zamani.

"Tuse. Umekuja kuniangalia au umekuja kujiangalia? Kila nikikuona macho yako yananiomba msamaha."

Tusekile hakuzunguka. Alimweleza yote: mashine, jina la kubandika, barua, na saa nne na dakika sita. Akampa karatasi. Ambakisye aliisogeza mbali na macho, akaisoma polepole, midomo ikitembea. Alipomaliza aliirudia tena.

"Hapa pana doa," alisema.

"Ni jina lako. Sikutaka kuligusa bila wewe. Ukisema hapana, naichana hapahapa, na kesho nitasema mambo ya ucheleweshaji peke yake."

"Watakuamini?"

"Nusu yao."

Ambakisye aligeuza shingo akatazama dirishani. Huko nje mkewe alikuwa akimsemesha ndama kwa upole. "Yule mama hajui," alisema. "Amekaa na mimi hospitali siku kumi na moja, daktari nilimwomba asimwambie. Anaamini ni vidonda vya tumbo. Ukisoma karatasi hii, kwanza napoteza lori, halafu narudi nyumbani kumtazama yeye. Sijui lipi gumu."

"Kwa hiyo ni hapana."

"Sijasema." Alikasirika ghafla, akapumua kwa shida, akatulia. "Nilikudanganya, Tuse. Uliniuliza vizuri, nikakudanganya. Hilo nimelibeba mimi. Lakini mimi nilidanganya kwa woga. Hawa waliandika 'hifadhi kwa maonyesho'. Mimi! Nioneshwe kama samani ya dukani!"

Alinyoosha mkono. "Nipe kalamu."

Juu ya doa jeusi, kwa mwandiko mkubwa wa mtu aliyezoea kusaini hati za mizigo, akaandika jina lake: Ambakisye Mwakalobo.

"Karatasi isiyo na mtu haimtishi mtu," alisema. "Sasa niitie mama Lugano. Na wewe usiondoke mara moja. Kaa barazani, maana anaweza kukuhitaji."

Tusekile alikaa barazani. Halafu akasikia mwanamke analia, na sauti nzito ya mwanamume ikirudia neno moja la Kinyakyusa, *ndaga*, *ndaga*, ambalo huko kwao hutumika kusalimia, na kushukuru, na wakati mwingine kuomba mtu akuvumilie.

*

Mkutano ulifanyika saa tatu asubuhi katika ukumbi wa ushirika. Erasto alikuwa ameweka mkataba na kalamu mpya mbele ya kila kiti, pamoja na sambusa. Wale saba waliokwisha hamia nao walikuja, wasaini mkataba wa miaka mitano badala ya ule wa majaribio. Alipofikia sehemu ya tahadhari, alisema kwa moyo wake wote kwamba Kitovu kingeokoa maisha, na Tusekile akaona kwamba anaamini.

Tusekile alisimama.

"Kabla sijasema la mtu mwingine, niseme langu," alianza. "Seva yangu inatumia jina lisilo lake. Mimi ndiye niliyeruhusu. Leseni yangu hii hapa." Akaiweka mezani.

Baadaye baraza la wafamasia lingelifunga duka lake miezi minne kwa kosa hilo, naye hangekata rufaa. Lakini asubuhi ile hakuna aliyefikiria leseni. Alieleza jinsi kisanduku kilekile kilivyopona kwa kubadilishiwa jina, na Gwakisa akiwa mlangoni akathibitisha. Kisha akaisoma karatasi, jina na yote. Alipofika kwenye "duka la sokoni halijajiunga, usitume", mama Bupe aliinuka nusu.

"Duka la sokoni ni mimi," alisema Bupe. "Mimi ndiye niliyempa ile nyingine. Nimekuwa nikimwombea yule mzee bila kujua..." Hakumaliza. Akageukia mbele. "Mbona hamkuniambia? Namba yangu ya simu mnayo. Mlinipigia mara tisa mwezi huo kuniuzia!"

Erasto alikuwa bado ameshika kidhibiti cha picha. "Hizi ni data za mgonjwa," alisema. "Kisheria huwezi kuzisoma hadharani bila..."

"Amesaini mwenyewe. Juu ya doa. Tazama."

"Naomba niione," alisema Erasto.

Tusekile alisita kumpa; alifikiri ataichana. Akampa, akabaki amesimama hatua moja kutoka kwake. Erasto alisoma. Lile tabasamu, ambalo Tusekile alikuwa amelishuku kwa miezi mitatu, lilitoka usoni taratibu, na chini yake alikuwepo mtu tu, wa makamo, aliyechoka na safari.

"Hii sikuwahi kuiona," alisema.

"Sijasema uliiona."

"Hizi zinazuiwa... ni kwa Tukuyu peke yake?"

Gwakisa ndiye aliyejibu. "Sisi tumepokea za duka letu tu, ishirini na sita. Lakini namba hazikufuatana. Hiyo uliyoshika ni ya elfu nne mia nne sabini na moja, na ni ya wiki saba zilizopita."

Mikataba kumi na minne ilikuwa mezani, na siku ile hakuna mkono ulioigusa. Erasto aliikunja karatasi vizuri, akairudisha kwa Tusekile kwa mikono miwili. Kisha bila kuaga alitoka nje hadi barazani, simu sikioni, amesimama palepale michirizi ya bati ilipokuwa ikimmwagikia begani bila yeye kusogea.

Tusekile alimfuata hadi mlangoni. Alidhani anawapigia wakubwa wake, akataka kusikia watasema nini.

"Mama?" Erasto alikuwa akisema, kwa Kibena kilichochanganyika na Kiswahili. "Mama, mimi Erasto. Ile dawa ya magoti unanunua duka gani? ... Hapana, si ile ya presha, ya magoti. ... Nimekuuliza jina la duka, mama. ... Usimeze. Weka kikombe chini kwanza. Mwite jirani akusomee jina la duka, nakusubiri."